Mla Vitovu wa Majengo

Mama wa kwanza alirudi kabla uji haujapoa. Khamisa alidhani amesahau kuacha nepi, akamkaribisha, lakini yule mama hakujibu salamu. Alipanda juu ya mkeka na viatu vyake, akamwinua mwanawe aliyekuwa na kijiko mdomoni, akatoka naye pamoja na kijiko. Wa pili alikuja mbio, kofia ya kiwandani bado iko kichwani. Wa tatu hakuja mwenyewe. Alimtuma shemeji yake, mtu wa miraba minne aliyesimama mlangoni na kudai mtoto kama anayedai simu iliyoibwa. Kufikia saa ya chai Jumatano hiyo, chumba ambacho kila siku huwa na makelele ya kutoboa masikio kilikuwa kimya. Alibaki Njambi wa Tabby peke yake, na alibaki kwa sababu kiwanda cha nguo anakofanya kazi mama yake, kule Ruiru, huwanyang'anya wafanyakazi simu langoni.

Hakuna aliyemweleza Khamisa kosa lake. Wanawake aliowalelea watoto tangu wakiwa na vitovu vibichi, wengine wakichelewa kuwachukua hadi giza linaingia na yeye hasemi kitu, walishindwa kumwambia neno moja. Aliyemwonyesha ni binti yake Zahra, aliyetoka chumbani ameishika simu kwa mikono miwili.

Video yenyewe ilikuwa fupi. Mwanamume mwenye kanzu iliyochakaa ameketi sakafuni, amempakata mtoto wa miaka mitatu hivi. Anamfunua shati, anainamisha uso tumboni mwake, mtoto anapiga yowe. Mwanamume anainua uso na mdomo wake ni mwekundu hadi kidevuni. Chini yake mtu ameandika kwamba huyu ndiye mla watoto wa Majengo, Thika, na kwamba mtoto aliyepotea Gatuanyaga juzi ndiye huyo hapo analiwa. Tumia watu kumi video hii, uokoe maisha.

Mwanamume huyo alikuwa Rama, mume wa Khamisa. Khamisa alimtazama mara moja tu, kwa maana sura ya mumewe aliijua. Alichokikodolea macho ni ukuta ulio nyuma yake. Ulikuwa wa kijani kibichi, na kwenye pembe yake palikuwa na mabeseni madogo ya waridi yamepangwa, yale yale ya kulishia watoto.

"Ni hapa," Zahra alisema. "Mama, wameona ni hapa."

*

Sasa, hapakuwa na mtu Majengo asiyejua kazi ya Rama. Tuliweke hilo wazi, maana baadaye wengi walijifanya hawakujua. Alianza kwa michezo ya vitabu vya shule, akizunguka na kikundi kutoka ukumbi hadi ukumbi, akipewa nafasi za bawabu na mgonjwa wa mwisho kufa. Taya lake refu na lile jicho la kushoto lililoingia doa jeupe utotoni ndivyo vilivyompa riziki. Gichuru, mtengenezaji filamu wa Mugutha, alipomwona mara ya kwanza alisema huyu hata hahitaji kupakwa rangi. Tangu siku hiyo Rama amekuwa jini, amekuwa maiti, amekuwa mganga wa kuzika watu wima. Nafasi iliyomshika ni ya Mla Vitovu, mzee anayeingia nyumba zenye watoto wachanga. Filamu tatu alizocheza Mla Vitovu ziliuzwa kila kibanda. Watoto wa mtaa walimfuata wakiimba jina hilo, naye aliwatolea jicho wakakimbia wakicheka, na mama zao walicheka pia. Hakuna aliyemwomba hata siku moja acheze nafasi ya baba, au ya mwalimu, au ya mtu anayependa mtu. Angeweza. Alikuwa mwigizaji mzuri kuliko wote waliowahi kusimama mbele ya kamera ya Gichuru, na malipo yake makubwa kwa filamu ya nne yalikuwa chumba cha nyumbani kwake kupakwa rangi.

Ndivyo wanavyofanya kazi hawa watu. Nguo ni za mwigizaji mwenyewe, sahani ni za mama yake, na nyumba ni ya yeyote atakayekubali. Gichuru alitaka chumba chenye watoto. Rama alikuwa nacho, kwa kuwa mkewe alikuwa akilea watoto wa wafanyakazi. Walifanya Jumapili, siku ambayo watoto hawaji, na kabla ya kuanza walikipaka chumba rangi ya kijani ili kionekane vizuri kwenye kamera. Khamisa alifurahi sana. Alikuwa amemwomba mwenye nyumba rangi kwa miaka na mwenye nyumba amekuwa akimwambia kesho.

Mtoto wa kwenye video alikuwa Junaid, wa nyumba ya pili. Damu ilikuwa maji ya viazisukari vyekundu vya kupikwa. Junaid hakulia hata kidogo, alicheka hadi akajikojolea kwa sababu ndevu za Rama zilikuwa zinamtekenya. Kicheko hicho Gichuru alikiondoa akaweka yowe. Na asubuhi hiyo, wakati watu wa Thika nzima wanahuzunika kwa mtoto aliyeliwa, mtoto aliyeliwa alikuwa nje ya dirisha la Khamisa anasukuma gurudumu bila suruali.

Mama Junaid alimbeba, akamzungusha mlango kwa mlango. Aliwaonyesha hadi kitovu. Wengine walisema kweli ni yeye. Wengine walisema wanafanana.

Mtoto wa Gatuanyaga naye alipatikana siku ya pili, kwa shangazi yake Ngoliba, anakula mahindi. Alipanda pikipiki ya mjomba wake na mjomba akasahau kupiga simu. Habari hiyo hakuna aliyewatumia watu kumi.

*

Ziko fedheha kubwa ambazo mtu anaweza kuzisimulia na akahurumiwa. Za Rama wiki hiyo zilikuwa ndogo, na ndogo ndizo zinazomla mtu. Muuza duka aliyezoea kumpa chenji mkononi sasa aliiweka juu ya kaunta na kurudi nyuma. Mwendesha boda alimwambia pikipiki ina shida, kisha akambeba mtu mwingine hapo hapo. Kinyozi alimnyoa nusu, simu ikamlia, akasema ameitwa nyumbani, na Rama akavuka soko la Majengo na kichwa cha nusu.

Alikwenda kituo kimoja cha polisi kuomba watoe neno, waseme mtoto amepatikana na video ni ya filamu. Askari aliyekuwa mezani alimtambua kabla hajataja jina. Aliwaita wenzake. Walimwomba atoe jicho, wakapiga picha naye mmoja mmoja, wakicheka, wakimpiga mgongo. Walipomaliza walimwambia maneno ya mitandao si ya kituo hicho, ajaribu wiki ijayo. Hawakuona ubaya wowote. Hao ndio watu wanaojua kabisa kwamba huyu si muuaji, na hawakuweza kuandika mistari miwili.

Basi akaenda Mugutha. Studio ya Gichuru iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kimoja chenye viti viwili na taa nyingi. Rama hakutaka makubwa. Gichuru alikuwa na picha zote za siku ile, pamoja na kile kipande cha mwisho ambapo mtoto anacheka na Rama anafutwa mdomo kwa kitambaa na Khamisa anaingia na chai. Akiweke hicho mtandaoni, basi, watu waone.

Gichuru alimsikiliza huku macho yake yako kwenye kompyuta.

"Mzee, unajua hii kitu imefika wapi?" alisema. "Watu laki nne. Na hatujalipia hata bob. Sisi hatujawahi fika elfu kumi."

"Watoto wote wametolewa kwa bibi yangu."

"Naelewa. Lakini nikiweka ile anacheka, si stori imeisha? Ijumaa movie inatoka. Ikishatoka kila mtu ataona ni movie. Hiyo shida itajimaliza yenyewe."

"Gichuru, kuna vijana walikuja jana mlangoni na mawe."

"Walirusha?"

"Hawakurusha."

"Si unaona?" Gichuru alisema, na akarudi kwa kompyuta.

Filamu ilitoka Ijumaa. Watu waliona, ndiyo. Walisema jamaa anakula watoto na bado anajirekodi.

*

Tabby alikuja Ijumaa hiyo hiyo jioni. Alikuwa msichana wa Mugutha aliyeolewa Thika, mwembamba, mwenye uchovu wa watu wawili. Tangu Alhamisi alikuwa akimwacha Njambi kwa jirani mlevi, na mtoto alikuwa ameungua mkono kwa birika. Hakusema hayo kwa kulalamika, aliyasema akiangalia miguu yake. Wazazi walikuwa wameongea, alisema. Kuna mchungaji, Barasa, wa lile kanisa la mabati karibu na reli. Amesema yuko tayari kumwombea Baba Zahra Jumapili mbele ya watu, na akishaombewa kila mtu ataona amefunguliwa, na watoto watarudi Jumatatu.

"Kufunguliwa kutoka kwa nini?" Zahra aliuliza.

Tabby alimwangalia Khamisa, akaaga, akaondoka.

Kukawa na maneno katika nyumba ile. Zahra alisema babake ni Mwislamu na hana pepo, na akienda kugaragara kanisani atakuwa amekubali mbele ya Thika yote kwamba alikula mtoto. Rama naye alikuwa akivuta ndevu. Msikitini hadi siku hiyo wenzake walikuwa wakiichekea tu ile video, wanamwita Mla Vitovu na kumsogezea nafasi kwenye safu. Akienda kwa Barasa hata hao hawatacheka tena.

Khamisa alikuwa anakunja vishuka vya watoto ambavyo havikuwa vimelaliwa. Alikuwa na hasira na kila mtu, na aliyekuwa karibu ni mumewe.

"Umemlilia Gichuru," alimwambia. "Umemfia Gichuru mara ngapi, kwenye matope, kwenye shimo. Ukapewa rangi. Mimi sijawahi kukuomba unifie. Nenda uanguke mara moja kwa ajili yangu."

Ni maneno makali, na Khamisa alijua ni makali yakiwa bado mdomoni. Rama aliinua kichwa, kile cha nusu, akasema sawa.

*

Mchungaji Barasa alimwita Jumamosi mchana ili wapange. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alimkaribisha kwa soda. Hakumuuliza kama ana pepo. Alimwonyesha atasimama wapi, vijana gani watamdaka, na mahali zulia lilipo nene.

"Ukianguka, anguka hii side," alisema. "Camera ziko hapa."

Rama alimwomba jambo moja: asiulizwe wala kusemeshwa chochote kuhusu dini yake. Barasa alimshika bega akasema hata yeye ana marafiki wengi Waislamu. Pepo ataulizwa aliingilia wapi, atajibu aliingilia kwenye filamu, mambo yaishe.

Jumapili kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye reli. Gichuru alikuwa mstari wa mbele na kamera zake mbili. Khamisa na Zahra walikaa nyuma, vichwa vimefunikwa, na viti vya kila upande wao vikaachwa wazi.

Nimekwisha kusema Rama alikuwa mwigizaji mzuri. Siku hiyo aliigiza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alianza taratibu, kwa kidole kimoja kutetemeka, kisha bega, kisha lile jicho likageuka hadi weupe ukajaa. Alipotoa sauti, akina mama wa mbele walikimbilia nyuma na viti vikaanguka. Alijirusha chini, upande wa kamera kama alivyoagizwa, na vijana wanne hawakuweza kumzuia. Watu walilia machozi ya kweli. Tabby alikuwa amejiziba mdomo. Hata Zahra, aliyekuja na hasira zake, alijikuta ameshika mkono wa mamake kwa nguvu.

Barasa naye alipandwa. Umati ulikuwa wake, na mtu akishapata umati ahadi ya Jumamosi inakuwa ndogo.

"Pepo, nakuuliza," alisema kwenye kipaza sauti. "Huyu mtu ulimwingilia wapi?"

"Kwenye filamu."

"Unadanganya. Sema ukweli, ushindwe. Ulimwingilia msikitini?"

Rama alikuwa kifudifudi, shavu kwenye zulia, povu mdomoni. Khamisa alimwona akifumbua jicho zima na kumwangalia yule mchungaji kwa muda, na katika jicho hilo hapakuwa na maigizo yoyote. Kisha ile sauti nzito ikatoka tena, pole pole, kila neno peke yake.

"Niliingilia Mugutha. Juu ya duka la misumari. Kwa Gichuru."

Watu waligeuka. Mtengenezaji filamu alikuwa ametoa macho nyuma ya kamera yake, na mama mmoja aliyekuwa amekaa naye alihamisha kiti. Barasa alisita, akaona hapo hapana pa kupita, akapaza sauti, akaweka mkono, akapiga kelele za kumaliza. Rama alilegea. Kwaya ikaanza. Nje, Gichuru aliwahi kumkimbilia Rama kabla hajafika barabarani. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anacheka.

"Hiyo line ni yako ama ni ya Barasa?" alimuuliza. "Hiyo ni moto, mzee. Hiyo tunaanza nayo part five."

Rama alimpita. Zahra ndiye aliyesimama akamwambia Gichuru jambo ambalo binti hapaswi kumwambia mtu mzima, na mamake hakumkanya.

*

Jumatatu Khamisa aliamka mapema akaosha sakafu. Rama alikuwa ameketi pembeni anakunywa chai ya rangi, goti limemvimba. Tangu kanisani alikuwa hajazungumza zaidi ya kuomba chumvi. Video ya kuombewa kwake ilikuwa imeipita mbali ile ya kwanza.

Tabby alifika na Njambi mgongoni. Nyuma yake, barabarani, walikuwa wamesimama akina mama wengine watatu na watoto wao wamewafunika shali nyusoni, wanangoja kuona. Tabby alimfungua mtoto akampa Khamisa mlangoni. Njambi alimkumbatia Khamisa shingo, na Khamisa akahisi kifua kinamlegea kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Bandeji ya mkono wa mtoto ilikuwa chafu. Alikuwa tayari anafikiria maji ya moto.

Lakini Tabby hakuondoka.

"Mama Zahra, tumeongea na wale wengine. Tutaleta wote. Lakini Baba Zahra asikuwe kwa nyumba mchana. Akue anatoka tukileta, anarudi tukishachukua."

Rama aliweka kikombe chini, akainuka kwa lile goti, akachukua koti kwenye msumari. Alilitia mkono mmoja akawa anautafuta wa pili, na ule utiifu wake ndio uliomchoma Khamisa kuliko kitu kingine chochote alichoona wiki nzima.

"Si ameombewa?" Khamisa aliuliza.

"Ameombewa."

"Na pepo lilitoka. Si uliliona? Ulikuwa unalia."

Tabby alitazama nyuma, barabarani, kisha akashusha sauti.

"Mama Zahra, mimi si mjinga. Hiyo ilikuwa movie, najua. Junaid nilikuwa namwona hapa kila siku. Na ya jana pia najua aliigiza."

"Unajua."

"Kila mtu anajua. Lakini kwa ploti majirani wakiniuliza mtoto nimeacha na nani, nitasema nini? Mume wangu atasema nini kwa watu?"

Khamisa alikuwa bado na mtoto wa watu mikononi. Alikuwa amejitayarisha kwa hofu. Kwa hofu alikuwa na majibu, alikuwa na subira, alikuwa hata amempeleka mumewe akajigaragaza kwenye zulia la kanisa ili kuiondoa. Kumbe hofu yenyewe haikuwapo tangu mwanzo. Alimbandua Njambi shingoni, kidole kimoja kimoja, mtoto akaanza kulia.

"Mchukue."

"Mama Zahra, gari ya kazi inaniacha."

"Mchukue mtoto wako, Tabby. Ungekuwa unaogopa ningekubembeleza mpaka jioni. Ningekufungulia kila mlango wa nyumba hii uangalie. Lakini unajua."

Tabby alimpokea. Hakutukana, wala Khamisa hakutukana. Alimfunga mtoto mgongoni vibaya kwa haraka, akaondoka karibu kukimbia, na barabarani wale watatu walimuuliza kitu, wakageuka pamoja naye. Kilio cha Njambi kilisikika hadi kona.

Khamisa alifunga mlango. Zahra alikuwa amesimama kwenye pazia, na Rama alikuwa bado na koti la mkono mmoja.

"Tutakula nini, Khamisa?" aliuliza.

"Sijui," alisema. "Vua koti."